Kila Siku Ihesabiwe

Andika, Holo: Mimi, Kalunde binti Mihayo,
mtu mzima, mwenye akili timamu, mrina asali,
mkazi wa Isevya, Tabora, naapa na kusema kweli.
"Mrina asali tuliache," anasema Holo, "halihitajiki."
Liandike. Asali ndiyo iliyomlipa wakili.

Ndoo kumi na tatu
kutoka misitu ya Sikonge, kwa pikipiki ya kukodi,
nikazigeuza noti, noti nikaziweka mezani kwake.
Wakili Kasubi akanikatia risiti kwa wino wa kijani,
akasema: Mama, mwenye wakili hapotezi siku zake.
Usije barazani. Nitakuwepo mimi.

Mara ya kwanza sikwenda. Mara ya pili sikwenda.
Mara ya tatu, tarehe kumi na mbili Machi,
mlinzi alitoka hadi kwenye ngazi
akaniita kwa sauti ya mnadani,
Kalunde! Kalunde Mihayo!
nami niko nyumbani nachuja nta,
nina amani ya mtu aliyekwisha kulipa.
Shauri likafutwa.
Mwenendo una mistari minne. Nimeisoma yote.

Nilijua lini?
Tarehe kumi na tisa Juni,
jirani aliposhusha lori la tofali kiwanjani kwangu
na kunisalimia vizuri mno.

Karani wa baraza alinieleza bila kuinua macho:
waweza kuomba shauri lirejeshwe,
ila muda umepita, omba kwanza uongezewe muda,
na kila siku uliyochelewa ihesabiwe,
moja moja, kama mchele unaochambuliwa mawe.
Wakili naye ana kamati yao, mshtaki huko.
Waweza hata kumdai fidia.
Lakini kiwanja, mama, hakimo mfukoni mwa wakili.
Halafu akashusha sauti:
wapo humu ndani watakaokwambia
uzembe wa wakili ni uzembe wa aliyemtuma.

Aliyemtuma!
Nimetuma watoto dukani miaka yote hii,
wakarudi hawana chumvi, hawana chenji.
Sijawahi kujichapa mimi.

Haya, tuhesabu.
Tarehe ishirini, ofisini kwake, kufuli.
Ishirini na moja, kufuli lilelile,
na muuza karanga wa pale kibarazani ananiuliza
kama na mimi ni wa asubuhi au wa jana.
Ishirini na mbili Jumamosi, ishirini na tatu Jumapili.
Ishirini na nne alipokea simu, akasema yuko Nzega,
akasema network, akakata.
Ishirini na tano nililia.
"Kulia hakuandikwi," anasema Holo,
"tuseme ulikuwa unafuatilia nakala ya uamuzi."
Nakala niliifuatilia ishirini na sita.
Ishirini na tano nililia. Hiki ni kiapo, mwanangu,
mwongo tunaye mmoja, anatosha.

Ishirini na saba, nakala haijachapwa.
Ishirini na nane, imechapwa, haina muhuri.
Jumamosi. Jumapili.
Tarehe mbili Julai muhuri ulipatikana,
na leo ni tatu, niko dukani kwako,
mashine yako inameza karatasi na umeme unayumba.

"Umeruka," anasema Holo. "Tarehe mosi."

Tarehe mosi.
Tarehe mosi sikwenda popote panapotoa risiti.
Nilisimama kiwanjani tangu alfajiri
nikahesabu tofali za jirani, mstari kwa mstari,
elfu moja mia mbili na sita,
kwa sababu nilitaka kujua
ni kitu gani hasa kilichokalia mahali pangu.
Vidole vya Holo vimetulia juu ya herufi.
Haniulizi tena kama inahitajika.

Chapa.
Na chini hapo acha nafasi pana ya saini.
Kusaini najua. Nilisoma hadi darasa la saba.
Ni vile tu yeye alikuwa akinisainia.